Beseni Nyuma ya Pazia

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaomaliza skuli mwaka huu, kabla hamjaenda kupigwa picha nisikilizeni kidogo. Kamera yangu nimeshaiuza, na studio yangu ya Changamwe siku hizi ni duka la vipuri vya baiskeli, kwa hiyo sina biashara ninayoitafuta kwenu. Nina maneno tu.

Msijipake mafuta ya nazi usoni asubuhi ya picha. Najua mama atakwambia umepauka. Mwitikie, ujipake, kisha ukifika kwa fundi ufute, kwa maana taa ikikupiga paji la uso litatokea kama sufuria mpya. Kola msiitie kanji nyingi, ule wanga wa kukazia nguo. Nilimpiga picha kijana mmoja wa Miritini ambaye dada yake alimtilia kola kanji ya muhogo mpaka ikawa bati. Nikimwambia ageuze kichwa anageuka mwili mzima, na kiti nacho kinalia. Saa ya kuazima msiivute ikae juu ya mkono wa shati. Kila mtu anajua ni ya kuazima. Na pumzi msiizuie. Watu wengi nimewapiga wakiwa wamevimba mashavu kama wapiga tarumbeta, kisha wakaja kuniuliza mbona nimewanenepesha.

Hayo ni madogo. Mnaloniuliza kila mara ni lile beseni. "Babu, kwa nini kwako kila mtu alilazimishwa kunawa uso? Hata waliotoka kuoga?" Huwa nawajibu kwamba ni vumbi la barabara ya Nairobi. Si vumbi. Leo nitasema, ijapokuwa nikiandika hapa masikio yananipata moto kama vile ningali kijana wa skuli.

Nilikuwa kijana wa haya. Si zile haya za adabu ambazo wazee huzisifu. Zangu zilikuwa karibu na maradhi. Nikiitwa darasani, jibu ninalo, lakini ulimi unakauka. Yaliyonipata mchana niliyaandika kwenye kitabu nilichokificha chini ya godoro, kwa kuwa mdomo ulikuwa haufunguki. Tulikaa Kisauni, baba akifanya kazi bandarini, mama akilima kibustani cha mchicha nyuma ya nyumba. Nilisoma skuli ya misheni hadi madarasa ya sekondari, na wakati huo vita vya dunia vilikuwa vimekwisha lakini vitu bado vilikuwa vya shida: sabuni shida, kitambaa shida, vioo vya kupigia picha shida zaidi.

Na juu ya haya zangu, Mungu alikuwa ameniongezea chunusi. Uso mzima.

Nilitaka kitu kimoja maishani: kuwa dresa, yaani msaidizi wa hospitali, yule anayeosha vidonda na kufunga bendeji. Mdogo wangu aliwahi kukatwa na jembe mguuni, na dresa wa zahanati ya Kisauni akamtibu kwa mkono mwepesi hata mtoto akalala usingizi akishughulikiwa. Nikasema moyoni, kazi ndiyo hii. Mwaka wetu wa mwisho ikaja habari kwamba skuli yetu imepewa nafasi moja ya kwenda kusomea udresa. Moja tu. Mwalimu mkuu akatuita mimi na Stefano, akasema, "Lameki, kwa alama wewe ndiwe wa kwanza, na Stefano anakufuata. Karatasi zitakwenda na picha. Wanataka kuona kijana msafi mwenye siha. Picha za darasa zima zitapigwa Jumatatu kwa Fundi Salimu. Mjitayarishe."

Stefano huyu alikuwa jirani yetu, nyumba zetu zikitazamana. Mdomo wake ulikuwa haupumziki. Hakuwa mbaya, ila hakuna aliyepita mbele yake bila kupewa jina.

Basi nyumbani kukawa na shughuli kama ya harusi. Mama alifua shati langu, akaazima pasi ya mkaa kwa mke wa mzee wa kanisa, akanyoosha kaptula mpaka mkunjo ukawa unaweza kukata mkate. Baba akanipunguza nywele kwa mkasi. Jumapili baada ya ibada mama akaninong'oneza:

"Lameki, mwanangu, njoo uani."

"Naam, mama."

"Keti hapo. Nikupake liwa. Hizo chunusi zitatulia kidogo kabla ya kesho."

Nyinyi wa pwani liwa mnaijua, ule mti wa harufu unaosagwa juu ya jiwe kwa maji, wanawake wakajipaka, nyuso zao zikawa rangi ya manjano. Nikasema, "Mama, hiyo si ya wanawake?" Akasema, "Ngozi haina mwanamke wala mwanamume. Funga macho." Nikafunga. Ilikuwa baridi, tamu. Mama akafanya kazi yake pole pole, kila chunusi akiipitia kwa kidole. Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia mlango wa makuti ukigongwa na, hata bila kungoja hodi yake iitikiwe, Stefano huyo ndani ya ua, amekuja kuazima kiwi ya viatu.

"Hee!" akasema. "Jamani, bi harusi yuko tayari! Bwana harusi yuwapi?"

"Stefano, adabu," mama akamwambia.

"Mimi sina neno, mama. Nasema tu apendeza."

Nilikimbia bafuni nikauosha uso kwa maji mengi, liwa yote ikaenda. Mama akaja mlangoni na kile kijiwe mkononi. "Lameki, haijakauka hata." Nikamwambia sitaki, tena kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Alirudi akalifunika jiwe lake kwa bakuli.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka kabla ya watu. Juu ya kabati ya vyombo ilikuwako chupa ya dawa nyekundu, iliyobaki siku ya mguu wa mdogo wangu. Nilifikiri hivi: liwa ni ya wanawake, hii ni ya hospitali, iliponya jembe, itashindwa na chunusi? Nikachovya pamba, nikaipitia kila chunusi. Ilipokauka nikajitazama katika kioo kwa mwanga wa alfajiri, na juu ya ngozi yangu nyeusi sikuona kitu. Nikafurahi. Nikaficha pamba ndani ya jivu la jikoni na kwenda zangu.

Sasa hapa lazima niwafundishe kidogo, au hamtaelewa. Vioo vya picha alivyokuwa navyo Fundi Salimu havikuiona rangi nyekundu. Ndiyo maana alivisafisha katika chumba cha giza akiwa amewasha taa nyekundu, na visiharibike. Kwa kioo, nyekundu ni giza tupu. Kwa hiyo ukija na tai nyekundu, katika picha inatoka nyeusi kama ya msiba. Shati la buluu linatoka jeupe. Fundi wa kweli alikuwa akitazama mtu na kujua kila rangi yake itaangukia wapi. Na Fundi Salimu alikuwa fundi wa kweli. Alitoka ukoo wa zamani wa mjini, akahamia Kisauni akajenga studio ya mabati yenye paa la kioo upande mmoja, na pazia la nyuma lililochorwa ngazi na maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona bustanini.

Tukapanga foleni mle ndani, darasa zima. Zamu yangu ikafika, nikaketi. Fundi akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanielekeza kwenye mwanga. Akakunja uso. Akanusa.

"Nasikia harufu ya dawa. Umejipaka nini usoni, weye?"

Aliuliza kwa sauti ya kazi, ile ile aliyotumia kusema inua bega, shusha bega. Lakini foleni nzima iligeuza shingo. Na kutoka kwenye foleni Stefano akasema:

"Liwa hiyo, fundi! Katiwa liwa na mamake, mimi shahidi!"

Kikapasuka kicheko, hata viti vikacheka. Fundi akangoja kipite.

"Nakuuliza wewe, kijana. Umejipaka kitu?"

"Sikujipaka kitu."

"Hakika? Kioo ni kimoja kwa kila mtu. Siwezi kukurudia."

"Hata kidogo, fundi."

Maji yalikuwako. Ndoo ilikuwa pale mlangoni, naiona hadi leo, na kata juu yake. Ningesema neno moja, ningenawa, ningerudi kuketi. Fundi akanitazama kidogo zaidi, akaingia chini ya kitambaa chake cheusi, akafyatua.

Picha zikaletwa skuli siku chache baadaye. Mwalimu mkuu alizipanga mezani mwake akatuita tuzitazame. Mimi sikuhitaji kusogea. Nilisikia tu ile pumzi watu wanayoivuta kabla ya kucheka, kisha sauti ya Stefano: "Chui! Wallahi Lameki ni chui!"

Kila chunusi niliyoipaka ilikuwa tone jeusi. Paji la uso, mashavu, kidevu, madoa matupu, na katikati yake macho yangu yametoka kama ya mtu aliyeshikwa akiiba kuku. Shati lilipendeza, siwadanganyi. Mkunjo wa mama ulionekana vizuri sana.

Mwalimu mkuu aliwafukuza wenzangu akabaki nami. Alichukua picha akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Lameki, una maradhi ya ngozi?"

"La, mwalimu."

"Basi haya ni nini? Mtu akiyaona bila kukuona wewe atasema ndui. Fundi kaharibu?"

Hapo ndipo pa kusema. Hapakuwa na Stefano, hapakuwa na foleni. Lakini nikisema ni dawa, nitasema nilijipaka. Nikisema nilijipaka, nitaulizwa kwa nini. Na kwa nini yenyewe ni kwamba nilitaka kuwa mzuri. Hilo ndilo neno lisilotoka. Nikatazama miguu yangu. Mwalimu akangoja sana, masikini, kisha akasema, "Vyema. Sina picha nyingine. Nitaipeleka hivi hivi."

Jibu likarudi: kijana apelekwe kwanza hospitali ya mjini, apimwe ngozi.

Mama akanisindikiza. Tulivuka daraja la Nyali kwa miguu, yeye mbele na leso yake ya kutokea, mimi nyuma, na njia nzima hakuniambia neno ila, "Tembea pole pole, shati lisilowe jasho." Hospitalini tukapokewa na dresa mkuu, ndiye aliyekuwa akichagua wanafunzi wa udresa, mtu wa makamo aliyevaa koti jeupe la kupigwa pasi. Picha yangu alikuwa nayo. Aliiweka sambamba na uso wangu, akanigeuza dirishani, akanipapasa mashavu.

"Hizi ni chunusi za ujana. Nilizokuwa nazo mimi nilipokuwa kama wewe zilikuwa mbaya zaidi. Sasa niambie, siku ya picha ulikuwa na nini?"

Nikahesabu vifungo vya koti lake.

"Uliungua? Uling'atwa na wadudu? Sema tu, mwanangu, hapa ni hospitali."

Nilikuwa nalia kwa ndani, na nje nimekuwa gogo. Ndipo mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo:

"Bwana, ni dawa nyekundu. Alijipaka asubuhi ile. Nilikuta pamba kwenye jivu. Anaona haya."

Dresa mkuu hakucheka. Laiti angecheka. Aliweka picha chini akavuta kiti akaketi, magoti yake yakaelekeana na yangu.

"Maradhi huna," akasema. "Nitaandika hivyo. Lakini nafasi sitakupa, na nitakwambia sababu ili usidhani nimekuonea. Kazi yetu ni kuulizana. Watu huja hapa na mambo ya sirini, mambo ambayo hata mke hajamwambia mumewe, nasi lazima tuwaulize na wao lazima wajibu, ama watakufa. Wewe hukuweza kusema dawa ya kidonda. Mwenzio atakujia na kubwa kuliko hilo, nawe utamuulizaje?"

Mama alisema, "Bado mtoto, bwana."

"Najua, mama. Na nasikitika."

Nafasi ikaenda kwa Stefano.

Tukirudi, katikati ya daraja, mama alisimama akashika kingo ya chuma. Nikadhani amechoka. "Niliijua ile pamba tangu siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nikaona nikitaja mimi, nitakuaibisha." Halafu akaendelea kutembea. Nimezeeka sasa na jambo hilo bado linanichoma kuliko nafasi yenyewe: kwamba haya zangu zilikuwa kubwa hata zikamfunga mdomo mama yangu, naye akajilaumu.

Ile picha, tuliyorudishiwa hospitalini, mama aliitundika sebuleni. Sikuweza kumwambia aitoe.

Nilikwenda kwa Fundi Salimu siku ambayo hakuwa na wateja, nikamwambia nataka kile kioo changu akivunje. Nilisema nikitazama sakafu.

"Sivunji kazi yangu," akasema. Kisha akasafisha miwani yake muda mrefu. "Lakini nimesikia yaliyokupata. Kijana, kosa ni langu pia. Nilikuuliza mbele za watu. Nilikuwa na haraka, foleni ndefu. Mtu haulizwi vile mbele za watu." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba radhi kabla ya hapo. Akakichukua kioo changu akakiweka juu ya kisanduku chenye taa, akanionyesha: katika kioo cha picha mambo yamegeuka, yale madoa meusi huko ni matundu ya mwanga. Akachonga penseli mpaka ncha ikawa kama sindano, akajaza tundu moja kwa vinukta vidogo vidogo. "Hivi. Likijaa, doa hakuna. Jaribu."

Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nimeutayarishia bendeji, ukapata penseli. Nikabaki kwake, na hivyo ndivyo nilivyoingia kazini.

Siku moja wakaja wasichana wa skuli ya ushoni, nao kundi zima. Mmoja wao shingo yake ilikuwa rangi nyingine na uso wake rangi nyingine. Poda alikuwa amejimwagia kama anayekwenda kukaangwa. Wenzake walikuwa wameshaanza kusukumana viwiko. Nikamwona Fundi Salimu anafungua mdomo, na mimi, mimi ambaye sikuwahi kusema mbele za watu, nikasema:

"Kabla ya picha kila mtu ananawa uso. Ndiyo desturi ya hapa."

Haikuwa desturi ya hapa. Fundi aligeuka akanitazama. Nikachukua beseni la kuoshea vioo, nikalitia maji, nikalipeleka nyuma ya pazia la maua. "Mmoja mmoja," nikasema. Wakaingia wote, na wale wasio na poda pia, wakatoka nyuso zikidondoka maji, na yule binti akatoka kama wengine. Sikumtazama zaidi ya nilivyowatazama wenziwe. Kesho yake nilikuta nyuma ya pazia sabuni nzima na taulo jipya. Alikuwa ameviweka Fundi.

Tangu hapo, kwake na baadaye kwangu Changamwe, sijawahi kumuuliza mtu amejipaka nini. Masizi ya nyusi, hina iliyovuja, mafuta, poda, dawa, yote yalikwenda na maji, na maji niliyamwaga mwenyewe. Nikimfundisha kijana kazi hii humwambia: mwanga utaujua mwaka wa kwanza, lakini kumwaga beseni bila kutazama kuna watu hawajui mpaka wanastaafu.

Mwaka wa mwisho kabla sijafunga duka, aliingia mzee na mjukuu wake mwenye sare mpya.

"Chui!" akasema mlangoni. "Ungali hai?"

Stefano. Alikuwa amestaafu udresa, dresa aliyesifiwa kila mahali, mdomo wake ukiwa dawa ya kwanza kwa wagonjwa. Akataka picha mbili, ya mjukuu kumaliza skuli na yake mwenyewe. Akamsimulia kijana habari za madoa yangu, naye kijana akacheka sana, nami nikatabasamu nikirekebisha miguu ya kamera. Halafu nikainua uso nikamtazama kwenye mwanga. Nywele zake zilikuwa nyeusi ti, nyeusi kuliko tulipokuwa skuli. Alijipaka piko, ile rangi nyeusi ya kufichia mvi, kwa haraka, nalo likamshukia: paji la uso lina michirizi, masikio yana wino, na kola nyeupe imeanza kuonja.

Mjukuu alikuwa akitutazama, bado anacheka. Na swali likanifika ulimini, zima, lenye sauti yake na foleni yake yote: Umejipaka nini usoni, weye? Nililionja. Lilikuwa tamu, siwafichi, na huo utamu unanitia haya mpaka leo. Mzee mzima, baada ya mabeseni yote yale.

"Nyote mnawe uso kwanza," nikasema. "Kijana aanze."

Kijana akanawa akatoka. Nikabadilisha maji. Stefano akaingia nyuma ya pazia akakawia. Tulisikia maji, sabuni, maji tena.

"Babu mbona hatoki?" kijana akauliza.

"Vumbi la barabara ya Nairobi," nikamwambia. "Haliishi."

Stefano akatoka paji lake la uso likiwa safi, taulo mkononi limekunjwa upande mchafu ndani. Hakunitazama. Akaketi, nikamshika kidevu kwa vidole viwili, nikamgeuza kidogo ili lile sikio lisilotakata vizuri lisionekane.

"Usizuie pumzi," nikasema.

"Ahsante, Lameki," akasema.

Nikafyatua, kisha nikaenda kumwaga maji.